Ukuta Uliolia Chokaa

Waliokuwepo siku ukuta ulipokwenda ni hawa, na ninawataja ili mjue nani alikuwa nani kwa nani. Nilikuwepo mimi, Minza. Alikuwepo Mbuke, binti wa Malale wa Bujora, mdogo wake mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi ya kusugua matangi. Alikuwepo Magesa wa pampu, Mjita, jirani yangu mlango kwa mlango. Alikuwepo Kokushubira, sisi tulimwita Koku, binti wa Kihaya mpima maji, aliyepanga chumba nyumbani kwangu na tukala chungu kimoja. Na alikuwepo meneja mpya. Jina lake nalijua, na la baba yake pia, lakini yeye ameshakufa na watoto wake hawana kosa, basi abaki kuitwa meneja.

Mbuke ndiye aliyeondoka siku hiyo. Wengine wote tulizeeka.

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya maji leo mnapanda ngazi, mnafunua mfuniko wa tangi jeusi la plastiki, mnamwaga dawa, mnashuka. Tangi letu sisi lilikuwa la mawe yaliyoungwa kwa saruji, wazi juu, limejengwa zamani kwenye jabali upande wa Pasiansi, na mtu ukisimama ndani yake ukiita jina lako linakurudia. Maji yalipandishwa kutoka ziwani kwa pampu, yakalala humo, ndipo yakashuka kiwandani kuchambulia pamba. Chini ya jabali, upande wa jua la asubuhi, palikuwa na nyumba za wafanyakazi, na ya kwanza kabisa, iliyopakana na mguu wa ukuta, ilikuwa ya Mbuke. Tangi juu, Mbuke chini. Mkumbuke hilo wakati wote nikisimulia.

Kazi yetu ilikuwa utelezi. Tangi lililo wazi linaona jua, na maji yanayoona jua hayakai bure. Yanaota kitu cha kijani, kwanza kama vumbi, halafu kama uji wa mtoto, mwisho kama ngozi ya chura. Maji yakishushwa tulivua viatu tukaingia. Tulikuwa wanawake peke yetu, kwa sababu wanaume walisema hiyo ni kazi ya kuosha vyombo. Holo wa Kisesa, Sayi mwenye mwanya, Tabitha mjane, Nyamizi aliyekuwa akiimba, Mbuke mbele yetu na mimi nyuma. Tulisugua kwa magunzi ya mahindi na mchanga. Brashi ya waya Mbuke hakuitaka, alisema inakwaruza, na pale ilipokwaruza utelezi unashika mara mbili. Hilo ni kweli mpaka leo, hata kwenye plastiki. Ukikwaruza umeulimia shamba.

Na mkiingia kwenye tangi lenye utelezi, msitembee kwa visigino. Tembeeni kwa vidole, ubavu kwa ubavu, kama kaa. Magesa alikuja mara moja kutukagua, kifua mbele, viatu vya ngozi. Aliteleza kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine akiwa ameketi. Suruali ya kaki ikawa kijani yote nyuma. Alipofika nyumbani mkewe akamtazama, akamuuliza, "Baba, umekalia kinyesi cha ng'ombe gani?" Tangu siku hiyo tukimtaka aharakishe pampu tulikuwa tunamlilia kama ndama.

Basi huo ndio ulikuwa upande wa ndani. Upande wa nje ulikuwa wa Mbuke peke yake.

Ukuta ule ulikuwa unalia. Maji yalipenya kidogo kidogo kwenye maungio ya mawe, yakatoka nje kama jasho. Mbuke alikuta hivyo alipoajiriwa akiwa msichana, na mwanamke aliyemtangulia, Ng'wana Lubala, alimwonyesha dawa yake. Walichukua ule utelezi wa ndani ya tangi, wakauchanganya na kinyesi kibichi cha ng'ombe, kidogo tu, wakasiriba pale panapolia, kama mnavyosiriba ukuta wa nyumba. Ilifanywa kiangazi, upande wenye jua. Utelezi ukashika, ukaendelea kuwa kijani, halafu ukaanza kuwa mweupe juu. Baada ya msimu au miwili ukawa gamba. Gamba gumu, ukiligonga kwa ukucha linaumiza ukucha. Na ukuta mahali hapo ukaacha kulia.

Niliyaona hayo kwa macho yangu, na ninyi mngeambiwa tu msingeamini. Kitu laini kama kamasi kinageuka kuwa jiwe. Mbuke alikuwa akipitisha mkono juu ya gamba kama mtu anayempapasa ndama wake, akituambia, "Huyu mdogo asiye na mikono anajenga kuliko fundi wa Kihindi. Ametuona tuna shida, anatuzibia." Sote tuliamini hivyo. Mwaka hadi mwaka gamba likazidi unene, upande wa juu ya nyumba yake likawa kama kiganja kizima, limetoka nje kwa mawimbi kama mafuta ya mshumaa. Wageni wakija alilionyesha. "Ukuta wangu unanenepa," alisema.

Halafu ikaja ile miaka ya mashirika kuuzwa. Pamba ilirundikana bila mnunuzi, mashine zikanyamaza, na sisi wasuguaji tukaitwa uwanjani tukaambiwa asanteni. Holo alirudi Kisesa. Tabitha akaanza kukaanga mapanki, vichwa na mifupa ya samaki, kando ya njia. Nyamizi sikumsikia akiimba tena. Aliyenunua kiwanda alitaka kukifanya cha kukata minofu ya sangara kupeleka Ulaya, na samaki wa Ulaya wanataka maji mengi kuliko pamba. Akatubakiza wawili, mimi na Mbuke, kwa sababu tulilijua tangi. Mbuke aliachiwa na nyumba yake, lakini kwa mdomo tu. Meneja alimwambia, "Mama, ukae. Ila ukihama, anaingia mwingine." Na wengine walikuwa wengi wanaisubiri. Mbuke alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai. Kule Bujora shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu zake wa kiume tangu zamani. Nje ya nyumba ile hakuwa na mahali pa kuweka kichwa pasipokuwa pa mtu.

Ndipo akaja Koku. Aliletwa kupima maji, msichana mrefu, Mlutheri, kila Jumapili na kitabu chake cha nyimbo. Siku ya kwanza alizunguka tangi zima, akafika juu ya nyumba ya Mbuke, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe mpimaji?"

"Ndimi. Naomba kipande cha hiki."

"Kipande? Huo si mkate."

"Kidogo tu, mama, nikaone kina nini."

"Nshomile wewe, msomi, kwenu Bukoba hakuna mawe?"

"Yapo, mama. Lakini hayaoti ukutani kama uyoga."

Mbuke akacheka, akamvunjia kipande kidogo kwa jiwe. Walipendana tangu hapo, kwa matusi. Mbuke alimwita mla ndizi, Koku alimwita mke wa ukuta.

Alasiri moja tulikuwa uani kwangu, sisi watatu, tunachagua dagaa, tunatoa mchanga na vikonokono. Koku akaleta kile kipande na nusu ya ndimu. Akakivunja katikati. Ndani kilikuwa na mistari, mweupe, wa kijani, mweupe tena, myembamba kama kurasa. Akakamulia ndimu. Kikachemka, povu jeupe, tss. Akachukua kikonokono kutoka kwenye dagaa, akakamulia nacho, kikachemka vilevile. Ganda la yai, vilevile.

"Vyote ni chokaa," alisema.

"Chokaa ya nani? Mimi sijapaka chokaa," Mbuke alisema.

Nitawaambia alivyoeleza, kwa maneno ninayoyakumbuka, kwa kuwa mimi niliishia darasa la nne na yeye alijua kushusha maneno yake hadi nilipo. Alisema ule utelezi ni mwani, mdogo sana, pamoja na vijidudu visivyoonekana vinavyoishi humo humo. Maji, alisema, yanaweza kubeba chokaa ndani yake bila wewe kuiona, kama chai inavyobeba sukari. Kinachosaidia kuibeba ni hewa fulani iliyoyeyuka majini, ile ile inayopanda puani ukinywa soda. Sasa mwani kwa jua unakula hewa hiyo. Ndicho chakula chake. Ukiila, maji yanapoteza nguvu ya kubeba, na chokaa inatuama papo hapo, juu ya mwani wenyewe. Na kamasi ya mwani inainasa punje kwa punje, kama asali inavyonasa vumbi.

"Kwa hiyo hawajengi?" niliuliza.

"Wanakula tu, mama Minza. Jiwe ni kinachobaki wakishakula."

"Na hawa wa chini, kwenye mistari ya ndani?"

"Wamezikwa. Jiwe linawafunika, jua haliwafikii. Wanaoweza wanapanda juu, wanaanza upya, nao wanafunikwa."

Mbuke alikuwa ameacha kuchagua dagaa. "Basi wanafaidi nini?"

"Hata wasomi hawajakubaliana," Koku alisema. "Wapo wanaosema jiwe huwakinga na jua kali. Wapo wanaosema wakitengeneza jiwe wanapata urahisi wa kunyonya ile hewa. Wengine wanasema hawafaidi kitu, ni jinsi mambo yanavyotokea tu. Lakini hakuna anayesema wanatuzibia sisi."

Ingeishia hapo tungecheka. Lakini Koku alikuwa mtu asiyeweza kuacha swali nusu. Akachukua sufuria yangu ya maji, ile ninayochemshia kila siku, akaigeuza ndani. Ilikuwa safi, inang'aa. "Ina gamba?" akaniuliza. Nikasema haina. Nilijua gamba la birika, kwa kuwa niliwahi kukaa Shinyanga, kisima cha mbugani, huko birika linaota ukoko mweupe kila wiki. Maji ya ziwa hayafanyi hivyo.

"Maji ya ziwa letu ni laini," Koku alisema. "Ndiyo maana mkifua, sabuni inatoa povu upesi. Chokaa yake ni kidogo sana. Sasa mama Mbuke, gamba lako lina unene wa kiganja. Chokaa yote ile imetoka wapi?"

Kuku walikuwa wanaiba dagaa, hatukuwafukuza.

"Saruji ina chokaa," Koku akasema polepole. "Maji laini yana njaa nayo. Yanapita ukutani, yanaichukua kidogo kidogo, yanaitoa nje, na huko nje mwani unayapokonya. Kila unene ulioko nje umetoka ndani ya ukuta."

Mbuke alisema, "Unasema nimeuchuna?"

"Hapana, mama. Maji ndiyo yanachuna. Wewe umekifunika kidonda, kikaonekana kimepona."

Mbuke akainuka, akakung'uta khanga yake. "Ng'wanone," akasema, mwanangu, "mimi nimekula mshahara wa ukuta huo tangu hajazaliwa mama yako. Kama ungekuwa mgonjwa ningeusikia." Akaenda zake. Hata chai hakunywa.

Koku alikwenda kwa meneja kesho yake. Niseme haki, meneja hakupuuza. Alimleta fundi kutoka mjini, mtu wa vyeti, na nyundo. Fundi akagonga gamba huku na huku, likalia ngo, ngo, kama reli. "Hili ni jiwe kabisa," akasema. "Ukuta huu utawazika ninyi nyote." Alisema kwa kusifu. Koku akamwomba atoboe, aone nyuma ya gamba. Fundi akamuuliza, "Dada, wewe ni wa maji au wa majengo?" Watu wakacheka. Gamba halikutobolewa. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni kwake akisikiliza, na nilimwona uso ukimkunjuka. Nyundo ilikuwa imemtetea.

Mimi moyoni nilikuwa upande wa Koku. Nilimwambia Mbuke, mayu, yaani mama, njoo ukae kwangu, upande wangu wa jabali hakuna tangi. Nilimwambia zaidi ya mara moja. Alinijibu, "Nikihama, wataweka mtu mwingine chini ya ukuta huu. Kama ni salama nimepoteza nyumba. Kama si salama nimempa mwenzangu kaburi. Niambie lipi ni jema." Koku alimwambia, "Basi wote muondoke, nyumba zibaki tupu." Mbuke akamwuliza, "Na uwaweke wapi? Kwenu kwenye migomba?" Alikuwa anatania, lakini hakutabasamu.

Jambo moja lilibadilika. Kiangazi hicho hakusiriba. Utelezi ulibaki kwenye ndoo ukanuka. Na ukuta ukaanza kulia tena pembeni mwa gamba la zamani, mistari myembamba inang'aa asubuhi. Siku moja nilimkuta ameweka sikio lake ukutani, macho amefumba.

"Mayu, unasikiliza nini?"

"Kama yule mdogo asiye na mikono amekasirika."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Zamani alikuwa anasema."

Wiki iliyofuata nikamwona na ndoo mbichi, anasiriba. Nilipita bila kumsemesha. Mtu akishindwa kulala anachukua dawa anayoijua.

Enzi za pamba tangi halikujaa hata siku moja, pampu ya zamani ilikuwa inachoka njiani, na Magesa alikuwa akiisifu kwa hilo. "Kizee hiki kina adabu," alisema, "kinajua mwisho wake." Mwenye kiwanda akaleta pampu mpya. Ilifungwa, ikajaribiwa, na Jumamosi asubuhi meneja akaagiza tangi lijazwe hadi ukingoni, ili Jumatatu samaki waanze kukatwa. Koku alisimama mbele yake akamwambia, jaza nusu tu, bwana, nusu tu. Nilikuwa nimeshika ufagio, nilisikia. Akajibu kwamba nusu ya maji haioshi samaki mzima.

Ilipofika karibu na saa sita Magesa alitoka kwenye chumba cha pampu kuangalia kina. Aliona gamba juu ya nyumba ya Mbuke linabanduka. Lilibanduka pande kubwa pande kubwa, kama ganda la yai la kuchemsha, na nyuma yake hapakuwa na ukuta unaoujua. Baadaye tuliona vizuri. Kati ya mawe saruji ilikuwa imelainika, mtu angeweza kuichota kwa kijiko. Mawe yalikuwa yamepangana tu, yameshikwa na lile gamba la nje.

Magesa alipiga kelele. Koku akapiga kelele. Mimi nilikimbia njia ya mawe ya upande wangu nikiita, "Mayu! Mayu Mbuke!" Nyumba nyingine watu walikuwa sokoni au ziwani, Mungu aliwatoa. Mbuke alitoka. Alitoka mlangoni, akaja mpaka pale njia inapogawanyika, karibu na mimi kiasi kwamba niliona mistari ya khanga yake. Hapo alikuwa ameshapona. Halafu akageuka.

Sitasimulia maji. Mawe yalishuka nayo. Tulimpata alasiri, na tukamzika Bujora, ndugu zake wakatoa sehemu ya shamba kwa ajili hiyo. Meneja alileta gunia la mchele. Koku alikaa kwangu mwezi hivi, hali chakula, kisha akarudi kwao Kagera. Aliniambia angeutoboa ukuta mwenyewe kwa msumari kama angejua hawatamsikia. Nilimwambia alisema, na kusema ndiko alikokuwa nako.

Kwa hiyo ninyi mnaojenga matangi, funikeni. Mwani hauoti gizani, ndiyo maana hayo yenu ni meusi. Na mkiona weupe unaota nje ya ukuta wa saruji, msiupake rangi wala kuusifu. Ulizeni umetoka wapi, na toboeni mtazame, hata fundi akicheka.

Lakini lililonifanya niandike ni kule kugeuka. Magesa, mpaka anakufa, alisema Mbuke alirudi kumfungua mbuzi wake aliyefungwa nyuma ya nyumba. Koku alisema hakutusikia, pampu mpya ilikuwa na kelele, alidhani tunamwonyesha kitu nyuma yake. Mimi niliyekuwa karibu kuliko wote niliona vingine. Niliona ameutazama ukuta, ukiwa wazi, bila gamba, akautazama kama mtu anayesoma, kisha akaenda kuuelekea kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia. Nimeishi na hilo, sasa niko Mkolani na magoti hayanibebi hata hadi barabarani.

Kama mzazi wako alikaa kwenye zile nyumba, au alikuwa ziwani akaona kwa mbali, na kama aliwahi kukwambia kwamba mbuzi alikuwepo, au kwamba alimsikia Mbuke akiita "Nini?" kama mtu asiyesikia, njoo uniambie. Majina nina hakika nayo. Hilo moja, nisahihishe. Nitashukuru sana kuambiwa nilikosea.